Fundi Randa na Mlango wa Daraja la Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, haya nitakayowasimulia leo ni kweli tupu. Naapa kwa nywele za kichwa changu, na wanaonifahamu wanajua zilizobaki ni za thamani. Tunamkumbuka Fundi Randa. Fundi Randa, seremala mkuu wa karakana ya reli, aliyetengeneza mabehewa ya daraja la kwanza ya treni ya haraka. Ametutoka wiki hii. Mjane wake, shemeji yangu, yumo humu studioni. Ananitazama kama mwalimu anayesubiri mtoto akosee hesabu.

Kabla ya Fundi Randa, daraja la kwanza lilikuwa jela yenye mito. Ndiyo, jela. Kila chumba kilikuwa na mlango wa kutokea nje, basi. Korido hakuna. Treni ikishaondoka, umefungiwa pamoja na yeyote uliyepangiwa. Ukipangiwa mkoromaji, ni wako mpaka stesheni. Treni ya haraka ilipoanza, stesheni zikawa mbali kwa mbali, malalamiko yakawa karibu kwa karibu.

Fundi Randa akapewa kazi. Akatenga korido ubavuni mwa behewa. Akaweka milango ya kusukuma kando. Akatengeneza viti vinavyogeuka vitanda. Kisha uzuri ukamlevya. Akajaza sufi ndani ya kuta, abiria asisikie mkoromo wa jirani. Akafanya dirisha lifunguke kiasi cha kupitisha kiganja tu, vumbi lisiingie. Akafukia kila skrubu kwa kizibo cha mbao.

"Daraja la kwanza halionyeshi skrubu," alikuwa akisema, "kama bibi harusi asivyoonyesha pini."

Lakini nyumbani, wasikilizaji, nyumbani kulikuwa kumepoa. Mtu huyu alikula karakanani. Alilala karakanani. Siku akirudi, ananuka vanishi, anagusa kabati la mkewe na kusema limepinda. Mkewe akafunga mizigo, akaenda kwa mama yake, mji wa mwisho wa reli. Ndiye huyuhuyu shemeji niliye naye hapa.

Mama mkwe akaja kutafuta suluhu. Akapanda na mkwewe treni ya majaribio, safari ya kwanza ya mabehewa mapya, yamejaa wageni waalikwa. Wakakaa chumba cha katikati. Ujumbe wa binti ulikuwa mfupi: "Aje mwenyewe kunichukua. Asiposhuka na mama, nimepata jibu langu." Mmesikia? Asiposhuka, ndoa imekwisha.

Treni ilikimbia, nawaambia, mpaka kivuli chake kikafika kesho yake. Njia nzima Fundi Randa alimsifia mama mkwe kiti. Honi ya stesheni ya mwisho ilipolia, akasimama, akashika mlango, akasukuma. Kimya. Akasukuma kwa bega. Mlango umegoma.

"Kuna nini, baba?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Ni mpya. Unazoea."

"Unazoea nini?"

"Kufunguka."

Akapiga kelele, sufi ikazimeza. Akakimbilia dirishani. Dirisha lilipitisha kiganja, naye alikuwa na mwili mzima, tena lilitazama upande wa pili, kwenye reli tupu. Akatafuta skrubu za mlango azifungue. Alizifukia mwenyewe, hazionekani hata kwa kupapasa. Jasho likamlowesha shati.

"Hiki chumba, mwanangu," mama mkwe akasema, "ulikijenga kwa ajili ya wasafiri au ulikuwa unanisubiri mimi?"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Wa kuombwa yuko nje."

Treni ikasimama. Chini ya mlango wakaona vivuli vya miguu vikipita koridoni, jozi baada ya jozi, vikienda kushuka. Alipiga mlango mpaka ngumi zikavimba. Hakuna mguu uliosimama.

Behewa likabaki tupu. Na hapo ndipo mlango ulipoteleza wenyewe, polepole, kama mtu asiyehusika.

Kosa lilikuwa hili. Milango ilipimwa karakanani, behewa likiwa tupu juu ya jeki. Wageni walipojaa, sakafu ikabonyea katikati, fremu ikaubana mlango. Waliposhuka, behewa likainuka, mlango ukaachiwa.

Basi, wasikilizaji, shemeji alikuwa bado jukwaani. Amesimama kama nguzo, hapepesi jicho! Fundi Randa akaruka, akapiga magoti, akalia mpaka...

"Muongo wewe!"

Samahani, wasikilizaji. Mjane amenyakua kipaza sauti.

"Sikuwepo jukwaani. Niliona watu wameisha, nikaondoka. Nilishafika barabarani na mzigo wangu. Aliyenikimbilia ni mama, viatu mkononi."

"Na fundi je, shemeji?"

"Fundi alibaki ndani anapima mlango."

"Sasa ulirudi kwa lipi?"

"Kwa neno la mama. Aliniambia, 'Huyu hajakuacha, mwanangu. Amenasa. Alinasa zamani, kabla ya huo mlango.' Nikarudi. Nikamkuta amelala kifudifudi koridoni, futi kamba mdomoni. Hata pole hakusema. Alisema, 'Shika hapa.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikashika. Nimeshika miaka yote hiyo. Kuna siku mkono ulichoka, shemeji, nisikufiche. Nikimwambia nimechoka, anakuja kushika upande wangu. Ndivyo alivyojua kuomba radhi."

Tangu safari ile, karakana ile haikupima mlango kabla ya kupakia behewa magunia ya mchanga, kila gunia kwenye kiti chake. Magunia yalionja daraja la kwanza kabla ya binadamu. Na aliyeyashona, anasema shemeji, ni yeye.

Kwako shemeji, kwa watoto, kwa mafundi wa karakana, poleni sana. Na wewe unayetusikiliza, mtazame uliye naye ndani ya nyumba. Pengine hajakuacha. Pengine amenasa, na wewe umesimama upande wenye kitasa.

Sasa shemeji anadai nilipie uongo wangu, hapahapa hewani. Nimempa pole, hataki. Nimemwahidi wimbo, hataki. Anataka dakika nzima ya kimya kwa ajili ya mumewe. Kutoka kwangu! Fundi mitambo anatikisa kichwa kukubali, tena haraka mno.

Haya, shemeji. Nimeshikwa. Nanyamaza.