Kamba Aliyefunga Siku Tatu

Benchi la Selpher, muuza kahawa wa Dagoretti Corner, halikosi kesi Jumamosi asubuhi. Leo kesi ilikuja kwa ndoo iliyofunikwa gunia. Were, fundi viatu, aliitua polepole, maana aliogopa amebeba maiti. Ndani mlikuwa na kamba wa maji baridi, mwenye magando mawili ya kukamatia, ambaye Emmah, binti ya Were, alikabidhiwa na mwalimu. Kazi ya nyumbani ilikuwa kumlisha, kisha kutia alama kwenye kisanduku kimoja: mla majani, mla nyama au mla vyote. Na kama ilivyo ada ya masomo ya siku hizi, kazi ya mtoto ikamwangukia baba. Kamba akagoma kula siku tatu. Jana Emmah alilia hadi Were akamwapia kwamba Jumatatu mnyama atarudi darasani akiwa hai. Tangu hapo hakuthubutu kufunua lile gunia.

— Ulimpea nini? akauliza Jamleck, ambaye kijiwe kinamwita Daktari kwa kuwa aliwahi kulinda duka la dawa.

— Sukuma wiki. Akaiangalia tu.

— Si umesema ana mikono ya kukamatia! Huyo ni wa nyama. Mpee matumbo.

— Nilimpea omena. Akarudi nyuma.

— Basi anakula matope, akasema Selpher. Kwetu Budalang'i kuna samaki wa matope, na wamenona!

— Wapi! Kamba wa Naivasha hukula nyavu, akasema Jamleck. Na huyu ashaonja maji ya Nairobi, chakula ya kawaida haimtoshi. Mpee plastiki.

— Daktari, unataka kuniulia mtoto?

— Mtoto ama kamba?

— Wote wawili, akasema Were.

Selpher akaweka birika chini.

— Funua, Baba Emmah.

Akafunua. Kamba alikuwa amelala, mgongo umepasuka, magando yametulia tuli. Were akashika kichwa. Mara kigae kilichokuwa ndani ya ndoo kikasogea, na chini yake akatoka kamba mwingine, mkubwa zaidi, anang'aa. Akamshika yule marehemu mguu, akaanza kuutafuna bila haraka.

— Ni wawili?

Jamleck alitumbukiza mkono, akainua maiti. Ilikuwa ganda tupu.

— Ni yeye, alinong'ona. Amejivua gamba lote, mpaka la macho. Ndio maana alifunga.

Were alilipokea ganda mkononi, akaligeuza. Miaka kumi na tisa ameshona viatu, na hapo hakuona mshono hata mmoja. Kiumbe kizima, magando na vyote, kilikuwa kimetokea kwenye mpasuko mmoja wa mgongoni. Mungu ni fundi, aliwaza.

Kui, mteja aliyefuata viatu vyake, alikuwa amesimama nyuma yao.

— Sasa mwenye anakula ngozi yake, mnamweka kisanduku gani?

Were akatoa karatasi ya mwalimu, akavisoma visanduku vyote vitatu, akairudisha mfukoni bila alama. Kisha akapiga simu nyumbani.

— Mwambie Emmah avae viatu, akasema. Akuje ajionee mwenyewe.