Nyoka Aitwaye Mukwe

Juu ya kamio, lori la kubeba pamba kutoka Kasongo, Feza, bibi harusi aliyekuwa akienda Wamaza kwa wakwe asiowajua, alisikiliza abiria wawili wakibishana kwa nini kifutu, nyoka mwenye sumu, huko anaitwa mukwe.

“Kwa sababu anauma!” alisema mama Amisa, muuza chumvi. “Mimi niliolewa mara tatu, najua.” Feza akakaza kitenge chake.

“Hapana, mama,” alijibu mzee Bulaimu, mkulima. “Mukwe wako ukimukuta njiani, unaingia majani, unamuachia njia. Ni heshima.”

“Heshima gani kwa nyoka?”

Kamio ikasimama Wamaza, Feza akashuka. Mwanamume mwenye mvi, na sura ileile ya mume wa Feza, alikuwa tayari ameingia majani mpaka magotini, uso ameugeuzia pembeni, akimwachia njia nzima.