Mafua ya Bata au ya Mzee

Basi lilipoondoka, fundi cherehani alijikuta nyuma ya jirani yake, mfugaji wa bata, aliyekuwa amembana daktari wa mifugo dirishani.

"Mwanangu, jana uliwatia bata wangu kijiti cha pamba kooni, ukachota maji ya bwawa, ukamtia na mume wangu kijiti puani. Mnatafuta nini?"

"Tunafuatilia kirusi cha mafua kilikoanzia, mama. Kikionekana kwa bata, tutawachinja wote."

"Wote kumi na mmoja! Na kikionekana kwa mzee?"

"Yeye atakaa chumbani peke yake wiki mbili."

"Basi andika mzee! Bata walikuwa wazima kabisa, yeye ndiye kawapigia chafya akiwalisha. Mlango nitaufunga mwenyewe."

Fundi akajiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja asije akacheka.

"Haiandikwi hivyo, mama. Maabara ndiyo itasema." Daktari akafunua daftari lake. "Lakini wewe mbona sikuoni humu? Hukupimwa?"

Mama akakohoa kidogo, akatazama nje. Basi likasimama.

"Mimi nashuka hapa," akasema, akashuka mbio na kikapu chake, ilhali kwao ni vituo vitatu mbele.