Mandolini ya Nne ya Mama Kimo

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni, Mama Kimo anarudisha ufunguo wa benchi namba tatu na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia karakana yetu ya ala za muziki kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda wote huo amekosa kazini siku mbili tu, zote kwa sababu ya jino moja. Mimi ni mkuu wa chumba cha vanishi. Nilimtangulia kuajiriwa kwa miezi sita, na tangu hapo tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo uongozi umeniomba niandike wasifu huu kwa madai kwamba namfahamu kuliko wengine. Haya, naandika. Ila mtakaohudhuria hafla mtaniona nimevaa aproni ya maua. Msicheke kwanza, nitaeleza.

Wengi wenu mnamjua kama fundi ambaye hata meneja humwomba ruhusa kabla ya kuazima rula. Lakini hakuajiriwa kama seremala. Aliajiriwa kushona mifuko ya magitaa. Chumba chake kilikuwa pale tunapoweka makopo ya gundi sasa: cherehani moja, meza ya kukatia, dirisha lisilofunguka, na mkasi ambao ukikatia karatasi utajuta kuzaliwa. Alishona humo miaka kumi na miwili, na mifuko yake bado iko mabegani mwa watu, zipu zikiwa nzima.

Mwaka huo wa kumi na mbili, mwalimu mmoja wa kwaya alileta mandolini ya oktava ishonewe mfuko. Kwa wasioijua, hii ni kama dada mkubwa wa mandolini: mwili mpana, shingo ndefu, nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, na sauti iliyoshuka oktava nzima. Ile ilitengenezwa na baba yake mwalimu kwa mkono, na mwalimu aliijua tangu akiwa mtoto. Mshonaji wetu akailaza mezani. Akapima urefu, akapima upana, akakata kitambaa. Kimo hakukipima. Daraja, kile kipande cha mbao kinachoziinua nyuzi juu ya uso wa ala, lilikuwa refu kuliko la gitaa, na zipu ilipofungwa kwa nguvu, mfuko ukawa unalikandamiza. Kisha mtu mmoja akapita, akaona mfuko umelala mezani, akauwekea sanduku la gitaa juu kama tulivyozoea. Haikupita nusu saa tukasikia mlio mkavu. Uso wa mandolini ulikuwa umepasuka kuanzia tundu la sauti hadi chini.

Fundi mkuu wa wakati ule aliigeuzageuza akasema haiponi. Mwalimu hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaipakata, akawa anaifuta vumbi kwa leso, ingawa haikuwa na vumbi. Hilo lilituuma kuliko matusi. Mshonaji akasimama mbele yake, akakiri kosa ni lake peke yake, na akamwambia kwamba atamtengenezea nyingine kwa mikono yake mwenyewe.

Tukajua amechanganyikiwa. Mtu hajawahi kushika randa! Mimi, kwa kiherehere changu, nikacheka na kutangaza kwamba siku atakayotoa mandolini ya oktava mlangoni hapa, nitavaa aproni yake ya maua mchana kutwa mbele za watu. Wiki hiyohiyo tukampachika jina la Mama Kimo, kwa dhihaka tupu. Yeye akalitarizi kwa uzi mwekundu kwenye mfuko wa aproni na kulivaa kila siku, mpaka ladha ya kumtania ikatuishia.

Alipoomba kufundishwa useremala, fundi mkuu alimwambia aanze na kunoa. Akanoa patasi na randa zote za karakana, kila siku wakati wa chakula cha mchana, mwaka mzima. Mwaka ulipokwisha, fundi mkuu akajifanya amesahau ahadi. Mama Kimo hakunung'unika. Alimwomba amletee na visu vya nyumbani kwake avinoe, akavinoa, akavirudisha vikiwa kama wembe. Baada ya majuma matatu, mke wa fundi mkuu alipiga simu ofisini akiwa na plasta vidole viwili, akamwambia mumewe amfundishe huyo mama kazi kabla familia haijakwisha vidole. Jumatatu iliyofuata akapewa benchi namba tatu.

Kwenye benchi hilo ametoa magitaa mia sita na arobaini, na ukarabati hauhesabiki. Yeye ndiye aliyegundua kwamba bomba letu la kukunjia mbavu, yaani mbao za ubavuni mwa ala, lilikuwa na joto zaidi upande mmoja, jambo lililotuvunjia mbao miaka nenda rudi huku tukiwalaumu wauza mbao. Na yeye ndiye aliyetuletea mwezi wa ukutani, sheria ambayo wateja wanaisifu na sisi tunailalamikia. Kila ala mpya inatundikwa ukutani siku thelathini, nyuzi zikiwa zimekazwa. Siku ya thelathini, rula iliyonyooka inalazwa juu ya uso wa ala, na karata moja ya kuchezea inajaribiwa kupitishwa chini yake. Karata ikipita, uso umebonyea, na ala haitoki. Karata ikigoma, ala imefaulu. Na ukigusa daraja hata kwa msasa, hesabu inaanza upya kutoka siku ya kwanza.

Sheria hiyo ilimtafuna mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mandolini zake alizitengeneza baada ya saa za kazi, kwa mbao zake. Ya kwanza ilibonyea siku ya kumi na tisa, maana nyuzi nane si sita, na uso aliupunguza unene kama wa gitaa. Ya pili shingo ilijipinda. Ya tatu ilipita mwezi vizuri tu, nikaanza kuingiwa na baridi kuhusu aproni, lakini alipoipiga alisema inalia kama ndoo. Nilimwambia ndoo nyingine zina sauti nzuri. Hakucheka. Aliikata mwenyewe kwa msumeno, kama alivyozikata mbili za mwanzo, na vipande akavifanya vitu vya kutugawia. Meneja ana kiwekeo cha kalamu, mlinzi wa getini ana kishikio cha funguo, na mimi chai yangu inakaa juu ya kipande cha mgongo wa mandolini ya pili. Hakuna anayefanya kazi hapa asiye na kipande cha kushindwa kwa Mama Kimo, na hajawahi kumficha mtu hata kimoja.

Nje ya karakana pia amewasumbua watu vya kutosha. Ana tabia ya kugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mumewe, fundi baiskeli na mtu mpole sana, anasema hawezi tena kwenda naye dukani kununua samani, kwa sababu anabisha hodi kwenye makabati ya watu mpaka wauzaji wanakuja mbio. Kwenye harusi ya binti yao aliigonga meza ya maharusi katikati ya hotuba ya mkwewe. Alieleza baadaye kwamba ilikuwa na ufa.

Lakini kugonga huko ndiko kulikompa mandolini ya nne. Miaka miwili iliyopita maktaba ya jirani ilitupa kabati kuukuu. Sote tulilipita pale uani. Yeye aligonga mlango wake, akagonga tena, akaung'oa bawaba na kuja nao kwapani. Mbao nyepesi, nyuzinyuzi zake zimenyooka, imekauka ndani ya jengo kwa miaka isiyopungua sitini. Huo ukawa uso. Aliuranda kidogo kidogo, akiugonga kila baada ya mikwaruzo michache, mpaka chumba cha vanishi tukawa tunaota hodi. Mbavu alizikunja kwa mbao nyekundu ngumu, na mbili zilivunjika. Shingo aliiunga kwa vipande vitatu ili isijipinde kama ile ya pili. Vijifito vya chuma vya shingoni, vile ambavyo nyuzi hubonyezewa, alivipiga tupa kimoja kimoja, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mimi niliipaka vanishi, tabaka tisa, na nakiri hapa kwamba sikuwahi kupaka kitu kwa mkono mwangalifu namna ile.

Ilitundikwa ukutani miezi miwili iliyopita. Siku ya ishirini na mbili, hali ikiwa shwari, binti yake mwalimu akapiga simu. Baba yake ana miaka themanini na mmoja sasa. Tangu alipougua mwaka jana, mkono wa kushoto umedhoofika, vidole viwili tu ndivyo vinavyosikia. Alitaka tujue mapema, tusije tukajisumbua bure, kwamba mzee hataweza tena kubonyeza nyuzi.

Mama Kimo alikata simu, akaomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kwa mwalimu akiwa na mizani ya jikoni. Alimbonyezesha mzee mizani kwa vile vidole viwili, kimoja kimoja, mara kumi kumi, akaandika uzito alioufikia. Aliporudi aliishusha mandolini ukutani, akalegeza nyuzi zote nane, na kuanza kulipunguza daraja kimo, ili nyuzi zishuke na kubonyezeka kwa nguvu ndogo.

Hapo tulimjia juu. Nyuzi zikishuka mno zinakwaruza vijifito na sauti inaharibika. Zaidi ya hayo, hesabu ingeanza upya, na siku ya thelathini ingeangukia Ijumaa hii, siku yake ya mwisho. Ikishindwa, hakuna benchi, hakuna bomba la kukunjia, hakuna ya tano. Na mzee umri wake ndio huo. Meneja, kwa roho nzuri, alipendekeza zile siku ishirini na mbili zihesabiwe. Mama Kimo alikataa. Alisema sheria ni yake, na hakuitunga kwa ajili ya magitaa ya wenzake tu. Mimi nilimwambia ni mbishi kupindukia. Alinijibu kwamba mwalimu aliahidiwa ala ya kupiga, si ya kutundika sebuleni. Kisha akaendelea kusugua msasa, na mimi nikarudi chumbani kwangu.

Ndiyo maana karatasi hii mnaipata ikiwa na joto la mashine bado. Nilikataa kuimaliza kabla ya leo asubuhi. Saa mbili na robo tulikuwa tumejazana mbele ya ukuta, mpaka mlinzi aliacha geti. Mumewe alikuwepo, na mwalimu alikuwa kwenye kiti kilekile cha wateja, binti yake pembeni. Mama Kimo alilaza rula, akasukuma karata. Ikagoma. Akasukuma upande wa pili. Ikagoma. Akampa meneja naye ajaribu, kwa sababu ndivyo alivyo, na kwa meneja pia ikagoma.

Hakushangilia. Alileta mfuko wa kijani alioushona wiki iliyopita kwa cherehani ileile, akaitia mandolini ndani, na zipu ikafungwa kwa kidole kimoja. Alikuwa amepima kimo. Akampelekea mwalimu, mwalimu akaufungua mwenyewe. Alibonyeza kwa vile vidole viwili, akapiga wimbo mfupi wa kuwafundishia watoto noti. Hakuna uzi uliokwaruza. Aliukosea katikati, akaurudia toka mwanzo, akaumaliza. Nililia, na sioni aibu kuliandika.

Sasa kuhusu aproni. Ahadi ni ahadi, nimeivaa, na inanibana tumboni. Lakini nina deni kubwa kuliko hilo, na nataka lisomwe mwalimu akiwa bado hapa. Aliyeweka sanduku la gitaa juu ya ule mfuko ni mimi. Mama Kimo aliniona. Alikuwa mlangoni na uzi mdomoni. Angeweza kunitaja siku ile, au siku yoyote kati ya miaka kumi na tisa niliyomwita kwa jina hilo. Hakunitaja. Alisema kosa ni lake peke yake, akaenda kunoa patasi. Mwalimu, naomba unisamehe. Mama Kimo, wewe sijui hata nianzie wapi.

Kwa niaba ya wote wa karakana, asante kwa magitaa, kwa sheria yako ya kero, na kwa vipande vyote tulivyonavyo mezani. Tunakuombea afya njema, miaka mingi na mumeo, na makabati mengi ya kugonga. Aproni nitaifua na kuirudisha Jumatatu. Benchi namba tatu tumelazimika kumpa mwingine, lakini msumari wa mandolini pale ukutani tumekubaliana usitundikwe kitu. Ukija na ya tano, siku thelathini zako zipo.