Kichupa cha Waridi Katika Jokofu la Tatu

Shangazi anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara yetu ya damu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa jinsi alivyotugombeza kama watoto wa kaka yake, naye hakulikataa.

Alianza kwa kuosha vyombo. Miaka kumi na minne sasa ametunza majokofu ya utafiti wa mikroRNA, vipande vidogo mno vinavyoelea kwenye damu. Mgonjwa akipandikizwa seli shina za mtu mwingine, mara nyingine seli hizo humgeuka na kumshambulia. Tulitaka kujua kama vipande hivyo hubadilika mapema, kabla ngozi haijaanza kuwasha, ili daktari awahi.

Chembe nyekundu za damu zikipasuka kichupani, majimaji yanayojitenga juu huwa na rangi ya waridi na vipimo hudanganya. Shangazi aliuona uwaridi ambao sisi wenye miwani hatukuuona, na kichupa cha namna hiyo alikitupa bila huruma. Mtafiti mkuu aliwahi kumbembeleza asitupe kichupa kimoja tu. Alirudi ofisini mikono mitupu, tukamcheka wiki nzima. Ni kwa ukali huo vipimo vyetu vikaaminika, na wodi sasa imeanza kuvijaribu.

Chakula cha mchana alikula peke yake, kwenye kiti cha plastiki mbele ya jokofu la tatu. Mwanzoni tulimkaribisha mezani, kisha tukazoea. Hilo linaniuma ninapoandika.

Mwezi uliopita alinikabidhi majokofu. Chini kabisa ya lile la tatu nikakuta kichupa kimoja cha waridi, lebo kwa mwandiko wake. Nikamtania kwamba leo nimemkamata. Hakucheka. Alisema ni damu ya mwisho ya mdogo wake, aliyepandikizwa katika hospitali hii hii, na aliyemtolea seli ni yeye mwenyewe. Zilimgeuka. Alifariki siku ya arobaini na moja baada ya kupandikizwa, na miaka yote hii Shangazi hakumwambia mtu kwamba kilichomuua ndugu yake kilitoka mwilini mwake.

Utaratibu unataka kichupa hicho kitupwe. Nimekiandika kwenye orodha: kibaki.

Asante, Shangazi, kwa wagonjwa watakaowahiwa. Tunakuombea mapumziko yenye watu karibu. Kiti chako tumekihamishia mezani kwetu. Ufunguo wa jokofu ninao mimi. Siku ukitaka kumwona mdogo wako, piga hodi tu.