Mama Yetu, Fundi wa Maabara, na Rangi Aliyoificha

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Nyumbani walimwita Jicho, maana alitofautisha nyuzi ambazo baba yake mwenyewe alizichanganya. Mwaka 1973 alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye maabara ya mionzi. Yeye na mwenzake, mcheshi asiyekaukiwa maneno, walitengeneza vipande vyembamba vya plastiki yenye chembechembe za madini ya fedha. Vikipigwa na miale ya gama, mwanga uliopenya ulipungua. Plastiki angavu kama maji ikageuka manjano, halafu kahawia. Rangi hiyo ilionyesha mtu amepata mionzi kiasi gani. Wote wawili walivibandika kifuani.

Tarehe 6 Agosti 1977 aliolewa na baba yetu, dereva wa lori. Aliyemsimamia baba ni mwenzake mama huyohuyo wa maabara.

Tarehe 14 Juni 1983 kengele ya chumba cha mionzi haikulia. Mwenzake aliingia akidhani mitambo imezimwa. Hospitalini, mama alikabidhiwa kipande cha mwenzake akipime. Hakuhitaji mashine. Kilikuwa kahawia iliyokolea.

“Rangi gani, Jicho?” mgonjwa aliuliza.

“Manjano. Hafifu tu. Utarudi kazini.”

Mwenzake alifariki baada ya siku kumi na tisa.

Mama alibaki pale hadi alipostaafu mwaka 2006, na hakuwahi kuingia chumba kile bila kupiga hodi. Wenzake walidhani ni utani. Lakini alisimama kidogo mlangoni, kama anayesubiri kuitikiwa.

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua. Alituagiza haya yasomwe leo mbele ya mjane wa mwenzake, kwani mwenyewe alishindwa kumwambia. Alifariki tarehe 3 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Jana tulimpelekea mjane karatasi hii, asije akashtuka hapa. Aliisoma mara mbili.

“Mume wangu alijua,” alisema. “Siku ileile aliniambia, ‘Jicho amenidanganya, sauti ilimtetemeka. Usimuulize kitu, ameshaumia.’ Nami sikumuuliza. Miaka arobaini!” Akavua miwani. “Laiti ningemuuliza.”

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mjane huyo aliyeketi nasi safu ya mbele, ambaye tangu jana tunamwita mama mdogo.

Apumzike sasa, kwa amani aliyoikosa muda mrefu.