Mama Kwanini, Mnyoosha Magurudumu

Tunawashukuru nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kwanini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi baiskeli, akakulia katika karakana ya baba yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Huko alimuuliza mwalimu wa hisabati kwa nini duara halina kona. Mwalimu, maji yalipomfika shingoni, akamwambia akamuulize baba yake mwenye magurudumu. Baba yake, yaani babu yetu, akamjibu, "Lina kona nyingi mno, ndiyo maana huzioni." Baadaye alijiunga na chuo cha ushonaji, lakini jioni alikuwa karakanani. Gurudumu la kwanza alilojaribu kulinyoosha, alikaza spoki tu bila kulegeza hata moja, likatoka na umbo la yai. Babu hakumgombeza. Alimwacha alitazame mpaka aelewe.

Mwaka 1973 karani mmoja kijana alileta pikipiki kuukuu ya mjomba wake, gurudumu la mbele likiyumba. Mafundi wengine walishamshauri aiuze kama chuma chakavu. Babu hakuwepo. Mama alilitundika gurudumu, akashika chaki karibu na ringi, akalizungusha polepole. Pale chaki ilipogusa ndipo ringi ilipokuwa imepinda. Akalegeza kidogo spoki za upande huo, akakaza za upande wa pili, akazungusha tena. Kazi ilikula siku nzima, karani yuko kwenye benchi. Mama akataka kujua aligonga nini. Karani akasema ni shimo.

"Shimo halipindishi gurudumu hivi, kaka. Uligonga nini?"

Karani akakiri kuwa ni nguzo ya geti la chuo cha ushonaji. Alikuwa akimwangalia mtu. Mama akauliza ni nani. Baba yetu, maana karani ndiye yeye, husema hakuwahi kujibu swali la mama upesi kama hilo. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974.

Babu alipofariki, mama aliirithi karakana, na wenye pikipiki za kale wakawa wanamfuata kutoka mbali.

Juni 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Tulimsihi apumzike. Yeye alimbana daktari kwa maswali, kisha akasema, "Kumbe nimepinda upande mmoja tu," akaanza kujifunza kazi upya kwa mkono wa kushoto. Alianza na gurudumu la pikipiki ileile ya baba. Lilimchukua miezi. Siku lilipokamilika, baba aliizungusha pikipiki uani, akarudi kumwambia limenyooka.

"Umehakikisha, au unanipenda?"

Baba akajibu kwamba yote mawili. Mama akamrudisha akahakikishe tena.

Agosti 2023 kiharusi kilirudi, akalazwa. Asubuhi ya tarehe 22 alimuuliza muuguzi kwa nini kitanda chake kikisukumwa kinavuta kushoto. Muuguzi akasema hajui. "Basi kesho tukiangalie," mama akasema. Alifariki adhuhuri ile, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu sita, na mdogo wake wa kiume.

Pumzika kwa amani, mama. Kitanda tumekiangalia.